Kiti Kililipwa, Siku Hazikulipwa

Mimi ni Hansa, daktari wa meno wa Shella, hapa Malindi. Ukija kwangu na jino bovu nitakusema kwanza, kisha nitakutibu. Watu wamenizoea. Nimezaliwa mji huu, na kuna nyumba ambazo nimewang'oa magego babu, baba na mjukuu.

Mume wangu alifariki miaka minane iliyopita. Mwanangu Yash yuko Kanada. Hunipigia simu Jumapili, tunaulizana hali, basi. Nyumbani sina wa kusema naye. Lakini kliniki nilikuwa na Everlyne.

Everlyne ni mtu wa Ngomeni. Alikuwa msaidizi wangu kwa miaka kumi na mmoja. Alifungua mlango saa mbili, akapika chai ya tangawizi, akanishikia taa. Mgonjwa akiogopa sindano, yeye humshika mkono na kumpigia soga mpaka ganzi ishike. Adhuhuri tulikula pamoja, naye akinigombeza nikizidisha chumvi. Nilimpenda kama niliyemzaa.

Mkabala na kliniki ilikuwa ofisi ya Menza, wakala wa bima. Kila akija na makaratasi yake, mimi najifanya nina kazi.

"Shikamoo, Mama Daktari."

"Marahaba, Menza. Kuna mtu ndani."

"Mama, mimi na wewe ni sawasawa. Watu hutukimbia. Wewe mpaka jino liwaume, mimi mpaka nyumba iungue."

Alinichekesha. Siku moja nikakubali kukata bima ya moto, ili aniache. Kiti cha meno, mashine ya eksirei, vyombo vyote vikaandikwa. Akataka kunieleza na bima nyengine. Nikamkatiza.

"Imetosha, Menza. Ajali haina kinga."

Jumapili moja mchana, nyaya za umeme zilishika moto darini. Kliniki ilikuwa imefungwa, hakuumia mtu. Lakini kiti kiliungua, eksirei iliungua, na dari yote ikaanguka.

Kampuni ya bima ililipa vitu vyote. Sina neno la kuwalaumu. Tatizo ni kwamba kiti cha meno hakiuzwi dukani kama sufuria. Kiliagizwa ng'ambo. Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili. Wa tatu. Kodi ya kliniki iko palepale, na mimi sitibu jino hata moja. Everlyne nilimlipa kwa akiba yangu. Mwezi wa nne akiba ikaisha.

Alikuja nyumbani asubuhi, amevaa vizuri. Nikajua kuna jambo.

"Daktari, nimepata kazi Kikambala, hotelini. Kufua mashuka."

"Kufua mashuka! Wewe?"

"Watoto wanataka kula, Daktari. Hawawezi kungojea kiti."

Nilimwambia aende salama. Alilia palepale. Mimi nilingoja atoke, ndipo nikalia.

Wiki zile nilikuwa nikienda kliniki kila asubuhi, nikakaa barazani kwenye kiti cha plastiki. Wagonjwa wangu walipita wakienda kwa daktari mwengine. Baadhi yao walinisalimu. Wengine walitazama chini kwa haya. Nilipika chai vikombe viwili kwa mazoea, kisha nikakumbuka. Kuna siku sikuzungumza na mtu yeyote isipokuwa paka wa mwenye duka. Upweke ni maradhi, wallahi, na sikuwa na dawa yake.

Asubuhi moja Menza alivuka barabara, akakaa kwenye ngazi.

"Mama, leo sikuuzii kitu. Nataka kukueleza tu."

"Haya, eleza. Leo sina mgonjwa wa kumsingizia."

"Bima yako ilikuwa ya vitu. Kitu kikiungua, kinalipwa kitu. Lakini wewe hukupoteza kiti peke yake. Umepoteza siku. Kila siku mlango ukifungwa, pato haliingii na gharama zinaendelea. Kuna bima ya siku hizo. Inaitwa bima ya kukatizwa kwa biashara. Moto ukikufungia, inakulipa pato ulilokosa, pamoja na gharama ambazo hazikungojei, kama kodi."

"Na mshahara wa msaidizi?"

"Na mshahara pia, ukiandikwa kwenye mkataba."

Hilo ndilo alilotaka kunieleza siku ile, nami nikamkatiza kwa methali.

"Je, nikiumwa nikafunga?" niliuliza baadaye.

"Hapo hulipwi. Ukifunga kwa maradhi yako au kwa safari, bima hii haihusiki. Sharti kwanza mali uliyoikatia bima iharibike, tena kwa jambo lililotajwa kwenye mkataba, kama moto au maji. Na siku chache za mwanzo mara nyingi hazilipwi. Soma mkataba wote. Usipoelewa, uliza kabla ya kutia sahihi."

Kiti kilifika mwezi wa tano. Nilimpigia Everlyne. Watoto wake walikuwa wameshaanza shule kule, hakuweza kurudi. Nikaajiri msichana aitwaye Nelly. Kisha nikaenda mwenyewe ofisini kwa Menza.

"Nataka ile bima ya siku."

"Vizuri. Nipe daftari la wagonjwa la mwaka kabla ya moto. Kampuni lazima ijue pato lako la kawaida."

Daftari lilikuwa salama, kwani nilizoea kwenda nalo nyumbani. Nikampa. Akalifungua, akageuza kurasa.

"Mbona tupu?"

"Naandika kwa penseli. Ijumaa nafuta kwa raba, Jumatatu naanza upya. Daftari moja linanitosha miaka mitatu."

"Ala! Mama, kazi ya mwaka mzima umeifuta kwa raba?"

Mimi na marehemu mume wangu tulijiona hodari wa kubana matumizi. Siku hiyo niliona haya. Nelly akanunua daftari kubwa na kalamu za wino. Tukaandika kila mgonjwa na kila malipo, na nakala nikaiweka nyumbani. Baada ya miezi minane ya kuandika hivyo, kampuni ikakubali.

"Ukifungiwa, ulipwe kwa muda gani?" Menza aliuliza.

"Miezi mitatu."

"Kiti kilichukua miezi mingapi kufika?"

"Mitano."

"Na wagonjwa kurudi wote?"

"Mitatu mingine."

"Sasa miezi mitatu ya nini, Mama? Chukua mwaka."

Akaandika moto na maji, kwa vitu na kwa siku, na ada ya bima ikapanda. Nilinung'unika, nikalipa.

Mwaka uliofuata, tangi la maji la ghorofa ya juu lilipasuka. Maji yalishuka darini, yakaingia kwenye kiti na kwenye eksirei. Nilimkuta Nelly amesimama katikati ya maji na ndoo mkononi.

"Daktari, nianze kutafuta kazi?"

Nilikuwa kama namwona Everlyne mlangoni pangu tena.

"Hutafuti kitu," nilimwambia. "Piga picha kila kilichorowa. Mimi namwita Menza."

Taarifa ilifika kwenye kampuni siku ileile. Mkaguzi alikuja, akatazama uharibifu, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Tulifungwa miezi minne tukingojea kiti kingine. Siku za mwanzo hazikulipwa, kama mkataba ulivyosema. Zilizobaki zote zililipwa. Kodi sikuichelewesha, na kila mwisho wa mwezi Nelly alipokea mshahara wake kamili. Alikuja nyumbani kwangu kila siku ya kazi, tukawapigia wagonjwa simu kuwapa habari. Tulikula pamoja.

Siku tuliyofungua, baraza ilijaa watu kabla ya saa tatu. Adhuhuri nilitoka nje, nikampigia Everlyne. Nyuma yake zilisikika mashine za kufulia. Nikamsimulia yote, tangi, mkaguzi, mshahara.

"Kwa hivyo huyo Nelly hakuondoka?" aliuliza.

"Hakuondoka."

Nikasikia akizima mashine moja.

"Daktari, lau ungekuwa na bima hiyo mwaka ule, nisingeondoka."

"Najua, mwanangu. Kosa ni langu."

"Basi rudi ndani," akasema. "Wagonjwa wanakungoja."