Mahali Pasipouma

Kila asubuhi kambini, kabla ya chai, watoto walikaa kwenye meza ndefu ya bwalo, wakajitoboa vidole na kupima sukari. Wote walikuwa na kisukari, na walikuja kujifunza kujitunza bila kumngoja mama. Asubuhi hiyo msichana waliyemwita Kidoti, kwa alama yake shavuni, alitazama mashine yake. Kumi na saba, juu mno. Tena!

"Nimekula kama wenzangu, nimejidunga kama kawaida," alijisemea. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Macho yakamwendea Kicheko, jirani yake wa kitanda, mwenye zamu ya kutoa dawa kwenye friji. Mbona sukari ya Kicheko ilikuwa sawa kila siku? Na kile kicheko chake, alikuwa akimcheka nani?

Tangu hapo Kidoti hakubandua macho kwake. Jioni alijibanza nyuma ya mlango wa bwalo, akamwona Kicheko akiviringisha viganjani kichupa cha insulini chenye jina la Kidoti, huku akiangaza macho kama mwizi.

"Nimekukamata!" Kidoti alifoka. "Unaharibu dawa yangu!"

Bwalo zima likageuka. Kicheko alikiinua kichupa.

"Nakuchanganyia! Dawa hii hutuama chini. Nimeona kila siku unasahau."

"Mbona unajificha?"

"Kwa sababu wewe ukikosolewa unanuna!"

Nesi wa kambi alikuja, akakitazama kichupa kwenye mwanga. "Dawa ni nzima, na imechanganywa vizuri," alisema. Kisha akamchukua Kidoti chumbani kwake. "Mwanangu, nionyeshe unapojidunga."

Kidoti alionyesha paja. Nesi alipapasa, akakuta kinundu kigumu.

"Ni hapa tu siku zote?"

"Ndiyo, Nesi. Hapa hapaumi."

"Hapaumi kwa sababu pamechoka. Dawa ikiingia hapa inakwama, haifiki kwenye damu inavyotakiwa."

Kidoti alitamani ardhi ipasuke. Nesi alipunguza dozi kidogo, kwa kuwa mahali papya hupokea dawa haraka, akamwelekeza tumboni. Sindano ilichoma hadi machozi yakamlengalenga, lakini alijikaza. Nesi alimpima mara kwa mara, na baada ya siku chache sukari ikatulia.

Kidoti alisimama bwaloni, palepale alipopiga kelele. "Kicheko, nimekusingizia mbele ya watu wote. Nisamehe mbele yao."

Kicheko bado alikuwa na uchungu. Hata hivyo alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Sikilizeni, wanangu," alisema Nesi. "Badilisheni mahali pa kujidunga kila mara, hata kama panauma. Sukari ikigoma kushuka, njooni tutafute sababu pamoja. Na ukimshuku mwenzako, muulize kwanza kwa upole. Kinundu cha pajani kitapona. Jina la mtu ukilichafua, kulisafisha ni kazi kubwa zaidi."