Ishirini kwa Ishirini

"Una sekunde tatu. Mpira uko miguuni mwako. Unafanya nini?"

"Pasi kushoto! Winga yuko peke yake."

Mchambuzi wa video akabonyeza kitufe. Picha iliyoganda ukutani ikaendelea, na kweli, winga wa kushoto alikuwa peke yake kama aliyesahauliwa na dunia. Chumba cha mikutano cha klabu kikalipuka kwa makofi.

"Ishirini kwa ishirini tena!" beki wa kulia akapiga kelele. "Mapafu, kaka, wewe unakula nini?"

Kiungo aliyejibu, aliyeitwa Mapafu kwa kuwa hakujua kuchoka, akamkonyeza mchambuzi. Klabu nzima ilijua wanapendana. Jumapili mjomba wa Mapafu angekwenda kwa mama wa mchambuzi kumposea binti huyo.

Kocha peke yake hakupiga makofi. Alingoja wachezaji watoke.

"Binti, nieleze. Huyu bwana humu ndani ni profesa. Uwanjani juzi kapoteza mpira mara tisa. Sasa hizi video zako zinafundisha nini?"

"Kocha, nipe muda kidogo."

"Mpaka mechi ya Jumamosi. Tukiboronga tena, naifunga hii sinema, na wewe unarudi mlangoni kukata tiketi."

Mchambuzi aliujua vizuri mlango huo. Miaka sita alikata tiketi pale mlangoni huku akiisomea kazi hii. Akafunga mlango, akamwomba Mungu amfumbue macho. Alipoinua kichwa, akakumbuka kitu: Mapafu alijibu kabla winga hajaonekana kwenye picha.

Kesho yake alivigeuza vipande vyote vya video kwenye kompyuta, kulia kukawa kushoto, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Hakumwambia yeyote.

"Pasi kushoto!" akasema Mapafu kwa kujiamini.

Picha ikaendelea. Kushoto kulikuwa na wapinzani wawili wanamsubiri.

"Aa, ngoja. Cha pili, napiga shuti kona ya kulia!"

Kipa alikuwa kasimama kona ileile. Mwisho wa zoezi, Mapafu alikuwa na alama nne. Beki wa kulia, aliyezoea kupata kumi na mbili, alipata kumi na mbili zake.

"Jamani, profesa kafeli!" mtu akaangua kicheko.

Mapafu akatoka bila kuaga. Dakika kumi baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya mchambuzi: "Umeniaibisha mbele ya wenzangu. Jumapili msitungoje."

Akajibu: "Majibu uliyajuaje?"

Mara simu ikaita.

"Nisikilize. Mchana ukienda kusali, si huwa unaniachia kompyuta nikulindie?"

"Ehe. Malizia."

"Nilikuwa navitazama vile vipande na majibu yake. Nikakariri."

"Kumbe mimi niko magotini nakuombea, wewe unaniibia?"

"Nina miaka thelathini na mbili, mpenzi. Miguu imeanza kunisaliti. Nilitaka ujivunie mimi."

"Nijivunie nini? Majibu niliyoyaandika mwenyewe? Halafu nirudi kukata tiketi kwa ajili ya sifa zako?"

"Tiketi? Tiketi gani tena?"

Akamweleza maneno ya kocha. Simu ikakatika.

Asubuhi mchambuzi alikwenda kwa kocha kusema ukweli, lakini alikuta ameshatanguliwa. Mapafu alikuwa amesimama mbele ya timu nzima, mikono nyuma.

"Niliiba majibu. Video hazina kosa, wala mchambuzi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Hakuna aliyecheka.

"Nami ninalo langu," mchambuzi akasema kutoka mlangoni. "Nimewapa vipande vilevile wiki tatu. Kuanzia leo ni vipya kila siku. Na sitauliza tu utafanya nini, nitauliza pia umeona nini."

Kocha akajikuna kidevu. "Basi anzeni. Mnaninyima chai."

Siku hiyo Mapafu alipata sita. Kesho yake, tisa. Ijumaa alipata kumi na tatu, na jasho lilimtoka kana kwamba amekimbia. Hakupigiwa makofi, lakini mchambuzi aligeukia ukutani kuficha tabasamu.

Jumamosi, dakika ya themanini na nne, timu zikiwa bila bao, Mapafu akaupata mpira mbele ya lango.

"Piga! Piga!" uwanja mzima ukapiga kelele.

Mchambuzi, aliyekuwa juu ya jukwaa na kamera yake, alimfuata kwa lenzi. Mapafu akainua kichwa. Akatazama. Kisha akausukuma mpira kulia, mahali pasipo na mtu, na beki wa kulia akatokea mbio na kuuzamisha wavuni.

"We bwana, kwa nini hukupiga?" kocha alimuuliza baada ya mechi.

"Beki wao alikuwa ananikodolea macho mimi. Nyuma yake kulikuwa wazi."

Kocha akamgeukia mchambuzi. "Binti, Jumatatu tafuta ukuta mkubwa zaidi. Nataka na timu ya vijana ije."

Walipobaki wawili, Mapafu akainamisha kichwa. "Mjomba anauliza kama avae suti kesho."

"Mwambie avae."

Jumapili mjomba alikuwa amekaa sebuleni kwa mama wa mchambuzi, suti imembana, anakohoa kutengeneza sauti.

"Mama, tumekuja kwa heshima. Kijana wetu ni mwaminifu, hajawahi kumkosea mtu, hana dosari hata..."

"Mjomba, usiseme hivyo," Mapafu akamkatiza. "Ninayo. Nilimkosea yeye, na anajua."

"Wewe! Mbona unaniharibia kazi?"

Sebule nzima ikacheka, hata mama, aliyekuwa amepania kukunja uso. Alipomaliza kufuta machozi ya kicheko, akamtazama bintiye.

"Haya, mwanangu. Umemsikia mwenyewe. Unasemaje?"

"Nimemkubali, mama. Na nitatembea naye kifua mbele."