Mijakaranda Ishirini na Mmoja

Kila siku nikitoka shuleni napitia Bustani ya Reli, ingawa njia hiyo ni ndefu na Baba hunigombeza. Nasimama kando ya kisiki cha saba kutoka barabarani, naangalia juu kidogo, kisha nakimbia nyumbani kusonga bukari, ugali wa jioni.

Hapo ndipo Mama alipokuwa akitandika mkeka kila Jumapili. Mwezi wa kumi, maua ya zambarau yalituangukia mpaka kwenye vikombe vya chai. Mama yuko Kalemie tangu Idi, anamuuguza bibi. Akiwa hayupo, watu wakaja wakakata miti wakachoma makaa. Akipiga simu huniuliza, "Rachida, bustani haijambo?" Nami namjibu, "Haijambo, Mama." Jamani, ningesema nini?

Jumatatu moja Mwalimu Germain alituambia kwamba ofisi ya mipango inachora ramani mpya ya mtaa wetu. Mji wa Likasi unakua, watu wanakuja kutafuta kazi, na kila pahali patakapoonekana patupu patagawanywa viwanja vya nyumba.

"Wameomba darasa letu lihesabu kilichopo bustanini," alisema. "Jimmy, utahesabu watu wanaokuja. Rachida na Sephora, miti."

Sephora akashikwa na malaria, nikaenda peke yangu. Nikahesabu: tisa. Nikarudia: tisa, na visiki kumi na viwili. Hofu ikanishika. Miti tisa tu, nani atakubali kwamba hiyo ni bustani? Nikaandika: mijakaranda ishirini na mmoja. Niliiona yote kichwani, mmoja mmoja.

Alhamisi Madame Martine wa ofisi ya mipango akaja bustanini, karatasi yetu mkononi, darasa zima likimfuata. Alihesabu kwa kidole. Alipofika mwisho, akaanza upya.

"Mwalimu, miye naona tisa," akasema. "Kama watoto wamedanganya hesabu ya miti, nitaamini vipi hesabu ya watu? Hii kazi yote siwezi kuipokea."

Mwalimu Germain aliinamisha kichwa. Nikamtazama Jimmy. Huyo alisimama pale siku tatu, jua likimchoma, akihesabu mpaka vikongwe na watoto wa mgongoni. Kazi yake ipotee kwa sababu yangu? Na bustani je?

"Ni miye, Madame," nikasema. "Sephora hakuwepo. Nilijua ni tisa."

"Weye mutoto! Sasa mbona uliandika uongo?"

Machozi yakanitoka mbele ya wote. "Miti mingine ilikuwepo! Naitamani, Madame. Mama akirudi atakuta nini?"

Akanipa kalamu yake. "Haya, nionyeshe ilipokuwa."

Nikamtembeza kisiki kwa kisiki. Hapa fundi viatu alikuwa anakaa. Hapa tulifunga bembea. Nilipofika cha saba nikakiwekea mkono. "Hiki ni cha Mama."

Madame Martine alichuchumaa akasukuma majani makavu upande wa reli. Machipukizi mawili ya kijani yalikuwa yametoka ubavuni mwa kisiki.

"Ona, iko muzima bado," akasema.

Mimi niliyepita hapo kila siku sikuwa nimeyaona. Nilikuwa naangalia juu, matawi yalipokuwa.

"Sasa sikiliza, Rachida. Hesabu ya watu nitaipokea, inaonyesha hapa si patupu. Ukiandika ishirini na mmoja, ofisi itasema bustani hii haikosi kitu. Ukiandika tisa na visiki kumi na viwili, naweza kuomba miche kumi na mmoja, na uzio wa kulinda hiki kimoja."

Nikafuta namba yangu, nikaandika ya kweli.

Wiki sita baadaye ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Bustani yetu ilipakwa rangi ya kijani, na mvua za kwanza zilipolowesha udongo tukapanda miche. Jimmy alijipaka matope mpaka masikioni. Mwalimu Germain akatukusanya.

"Kupenda mahali si kosa," alisema akinitazama. "Lakini mji unapangwa kwa hesabu tunazotoa. Tukidanganya, watapanga mji ambao haupo, na sisi ndio tutakaokaa juani. Semeni ukweli, hata ukiwauma."

Jioni ile Mama alipiga simu. "Bustani haijambo?"

Nikavuta pumzi. "Mama, nilikudanganya. Mti wako ulikatwa."

Akauliza: "Kisiki kipo?"

"Kipo. Kina machipukizi mawili, yananifika gotini."

"Basi yaangalie, mbuzi wasiyale, mpaka nirudi."

Nilitaka kumuuliza ni lini, nikajizuia, maana bibi bado mgonjwa. Kesho yake nilipita tena Bustani ya Reli. Nikasimama kando ya kisiki cha saba, na safari hii nikaangalia chini.