Pasi ya Mlingoti

Enzi hizo simu ya mkononi ilikuwa mali ya wakubwa, na Mlingoti alikuwa bado kijana wa timu ya mpira wa kikapu ya jiji, mwenye miguu mirefu kiasi kwamba kila kiti alichokalia kilionekana cha chekechea. Siku alipokutana na mwanamke wa maisha yake hakuwa na habari ya mapenzi. Alikuwa ametumwa na mama yake kununua kitambaa cha pazia.

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika. Wanawake walisukumana mbele ya kaunta, mikasi ilikuwa ikilia, marobota yamepangwa hadi darini, na harufu ya nguo mpya imejaa kila mahali. Mlingoti alijibanza pembeni akisubiri watu wapungue. Mara akahisi anaguswa kiwiko.

"Kaka, nishushie lile la samawati kule juu. Taratibu, lisije likatuangukia."

Aligeuka, hakuona mtu. Akateremsha macho. Mbele yake alisimama msichana mfupi, gauni la kijani limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye kola. Mlingoti akanyoosha mkono, akalishusha robota bila hata kusimama kwa vidole.

"Haya, mita moja bei gani?"

"Bei siijui, dada."

"Hujui bei? Sasa wamekuajiri wa nini?"

"Hawajaniajiri. Nimekuja kununua pazia."

Msichana akajiziba mdomo. Kabla hajaomba radhi, muuzaji mwenyewe akachomoza nyuma ya kaunta. "Mlingoti! Jana umetufurahisha, bwana! Pointi zote zile peke yako!" Watu wakageuka kumtazama.

"Kumbe mtu maarufu," msichana akasema, akimkagua kuanzia juu hadi chini. "Na umaarufu wote huo, suruali imegombana na viatu."

"Madukani hakuna za urefu wangu."

"Njoo kwangu basi. Jengo lililo mkabala na posta, ghorofa ya kwanza. Uliza Fundi."

"Nikifika nimuulize nani?"

"Si nimekwambia Fundi? Au habari huchelewa kufika huko juu?"

Akaenda. Chumba cha ushonaji kilikuwa kidogo lakini safi: vyerehani vitatu vinagombania mwanga wa dirisha, meza ya kukatia imejaa vumbi la chaki, redio juu ya rafu, na pasi nzito inafuka mvuke. Fundi alilazimika kupanda kwenye kigoda ili ayafikie mabega yake.

"Usipumue."

"Nikifa je?"

"Nitakuzika na suruali inayokutosha. Simama wima."

Suruali ya kwanza ilimkaa vizuri, akaagiza ya pili. Ya pili ilipokwisha, akaanza kuleta mashati yaliyokatika vifungo. Siku moja Fundi alikiinua kifungo hadi machoni, akakigeuza.

"Mpenzi mteja, hiki hakikudondoka. Kimekatwa kwa wembe."

"Wembe wa siku hizi hauna adabu."

"Sema kweli yako, ama nikufukuze."

Mlingoti akakitazama kifungo. "Kweli yangu ni kwamba nimebakiwa na shati moja tu lenye vifungo, na ndilo hili nililovaa. Nikivikata na hivi, sitakuwa na sababu nyingine ya kuja."

Fundi alicheka hadi akakaa chini. "Basi viache. Njoo bila sababu."

Wakapendana. Jumapili moja Fundi akaenda kumtazama akicheza, akakaa na mama yake Mlingoti, mwanamke mnene wa vicheko, ambaye alifua mashuka ya hospitali miaka yote akimlea mwanawe peke yake, mpaka vidole vikakakamaa. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele: "Toa pasi! Toa pasi!"

"Mama, pasi gani hiyo? Mimi naijua ya kunyooshea nguo."

"Ampe mwenzake mpira, mwanangu. Lakini huyu wangu hatoi. Utotoni alikuwa analala nao kifuani."

Wakati wa kurudi nyumbani, Fundi hakuweza kujizuia. "Yule mwenzako mpana alikuwa peke yake chini ya kikapu, anapunga mikono kama anazama. Mbona hukumpa?"

"Ningempa, pointi zingekuwa zake."

"Si mngekuwa mmefunga nyote?"

"Fundi wangu, wanaotafuta wachezaji huuliza jina la aliyefunga. Nikifanikiwa, Mama ataacha mashuka, na wewe utapata duka kubwa. Niachie mimi."

"'Niachie mimi,'" Fundi akamwigiza kwa sauti nzito, akamshika mkono, wakacheka. Baadaye sana alikuja kumwambia kwamba neno lile lilimkaa moyoni kama pini iliyosahaulika kwenye pindo.

Wale waliokuwa wakitafuta wachezaji walikuja kweli. Klabu kubwa ya ng'ambo ilimtaka, na Mlingoti akasaini bila kumwambia mtu. Alitaka kuwashangaza. Angenunua keki, amkalishe Fundi na Mama pamoja, kisha atoe habari kama anafungua zawadi. Lakini redio ilimtangulia. Alipoingia na boksi la keki mkononi, alimkuta Fundi amesimama na mkasi katikati ya wateja, nao wanampongeza kwa safari asiyoijua.

"Unaondoka lini?"

"Wiki ijayo. Nilitaka nikufurahishe, mpenzi."

"Kunifurahisha ungeninunulia pipi. Jambo kama hili ulipaswa kunishirikisha."

"Nimelifanya kwa ajili yenu!"

"Kwa ajili yetu, bila sisi. Watu wananipa hongera, nami natabasamu kama mtu aliyeambiwa. Aibu hiyo unaijua?"

"Au huna furaha kwamba nimefanikiwa?"

Lilimtoka tu. Alitamani alimeze, lakini lilikwisha fika. Fundi akauweka mkasi mezani polepole.

"Safari njema, Mlingoti. Keki wape wateja."

Huko ng'ambo kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Mlingoti alinunua kadi za simu, akasimama ndani ya kibanda cha vioo akiipigia simu ya chumba cha ushonaji na kuona pumzi yake inatoka kama moshi. Mara za mwanzo Fundi alimjibu kwa mkato: "Nimesikia. Kula vizuri." Kisha siku moja Mlingoti akajikaza. Alikuwa ameipanga hotuba nzima ya kuomba radhi. Simu ikapokelewa na mwanaume.

"Fundi hayupo. Siku hizi mimi ndiye niko hapa. Nani mwenzangu?"

Mlingoti akakata. Kiburi kikamwambia: amepata wa kwake. Jioni hiyohiyo akampigia mama yake, lakini simu haikupokelewa; alimpata baada ya wiki kadhaa. "Mama, kuanzia leo habari za Fundi usiniletee."

"Haya, mwanangu," Mama akasema.

Mafanikio yakaja, tena kwa fujo. Picha yake ilibandikwa ubavuni mwa majengo. Alimnunulia Mama nyumba yenye bustani kwa kupitia wakala, akaiona kwenye picha tu. Alifunga, akafunga, akafunga tena, na mwaka wa nne timu ikatwaa kombe.

Siku hiyo ya kombe ndiyo iliyomvunja. Familia za wachezaji ziliruhusiwa kushuka uwanjani. Mzee wa timu, waliyemwita Babu kwa sababu ya mvi zake, alikuwa ameingia dakika za mwisho na hakufunga kitu, lakini mke na binti zake walimwangukia kana kwamba kombe lote kalileta yeye. Mlingoti, mchezaji bora wa mashindano, alikuwa amelikumbatia kombe peke yake akiwatazama wapiga picha.

"Watu wako wako wapi?" Babu alimuuliza.

"Mama yuko mbali. Wengine... sikuwahi kuwaalika."

"Tumecheza pamoja miaka hii yote. Mke wangu anaitwa nani?"

Mlingoti hakujua. Hakujua jina la mke wa yeyote.

"Unafunga vizuri sana, kijana," Babu akasema bila ubaya. "Ila kucheza nawe ni kama kupanda lifti na mtu usiyemjua."

Akarudi nyumbani likizoni. Mlango ulifunguliwa na Mama, anaegemea fimbo, anaburuta mguu mmoja.

"Mama! Mguu umefanya nini?"

"Kiharusi. Cha zamani hicho, usiniangalie hivyo."

"Zamani lini?"

"Mwaka ule ulioondoka. Ulikuwa kwenye mechi zako, nikakataza usiambiwe. Baadaye nilitaka kukwambia aliyeniuguza, lakini ulikuwa umenipiga marufuku kumtaja."

"Nani?"

"Nani tena? Alihamia wodini na mto wake. Akaniogesha, akanilisha kwa kijiko mpaka mkono ukarudi. Vyerehani alimwachia baba yake mdogo."

Mlingoti akajikuta amekaa sakafuni na viatu vyake. Sauti ile ya kwenye simu ilimrudia neno kwa neno.

Alimkuta Fundi jengo lilelile, chumba sasa kimeongezwa na vyerehani vimejaa mpaka mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya zabibu na miwani iliyomteremkia puani. Alipomwona, hakushtuka.

"Karibu. Suruali au shati?"

"Msamaha."

"Hatushoni huo hapa."

Wasichana waliokuwa wakishona wakatulia, miguu juu ya pedali.

"Nilipiga simu, akapokea mwanaume. Nikakata."

"Baba mdogo aliniambia kuna mtu kapiga, kakata kama mwizi. Ungeuliza tu, Mlingoti. Neno moja."

"Niliogopa jibu."

Fundi akashusha pumzi. "Mimi nami niliogopa kupiga. Kila nikiwasha redio umeshinda, nikasema huyu hana haja na mtu."

"Ulimuuguza Mama."

"Usijipe cheo. Sikumuuguza kwa ajili yako. Yule ni rafiki yangu."

"Najua. Ndiyo maana nina aibu." Akavuta kigoda, akakaa, nyuso zao zikawa sawa. "Mkataba umekwisha, wanataka niongeze. Sijasaini. Nimekuja kukuuliza kwanza: wewe unataka nini? Hata siku moja sikuwahi kukuuliza."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Nataka kubaki hapa. Wasichana hawa nimewafundisha mwenyewe. Nataka mtu anayerudi nyumbani jioni. Na nataka muda, maana bado nina hasira nawe."

"Muda gani?"

"Usinipimie."

"Sawa. Sikupimii."

"Na ukitoka hapa, kamwambie Mama nakuja kula nanyi Jumapili. Mwambie leo. Usije ukamshangaza."

Hakuongeza mkataba. Alirudi kwenye timu yake ya zamani, na watu walisema ameporomoka, kwa sababu alifunga nusu ya alivyokuwa akifunga. Yule mwenzake mpana chini ya kikapu ndiye aliyegeuka nyota mwaka huo. Mlingoti alimwomba Fundi wafunge ndoa, akajibiwa "Bado." Akaomba tena: "Bado." Kisha akanyamaza miezi kadhaa, hadi siku Fundi alipompigia simu ofisini kwa klabu.

"Wewe, mbona umeacha kuuliza?"

"Naogopa kukuchosha, mpenzi."

"Uliza."

Akauliza, kocha na makarani wote wakisikiliza. Fundi alikuja kusema kwamba kelele za shangwe zilizofuata ofisini alizisikia bila simu.

Ukumbi ule wa mpira wa kikapu haupo tena. Palijengwa maegesho ya magari. Lakini waliokuwepo mechi ya mwisho ya Mlingoti huisimulia mpaka leo. Kocha alitaka amalize mchezo ili ashangiliwe. Mlingoti akakataa, akamwachia nafasi mchezaji mpya wa mkono wa kushoto, akapanda majukwaani na jasho lake, akajipenyeza katikati ya mkewe na mama yake. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukapita kwa huyu, kwa yule, kwa yule mwingine, ukatumbukia kikapuni, filimbi ikalia, na ukumbi ukapasuka kwa shangwe.

Mama, ambaye macho yalikwisha kuwa hafifu, alimvuta mkono. "Umefunga?"

"Tumefunga, Mama."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi niko hapa na nyinyi."

"Ah," Mama akasema, akaridhika, akaanza kupiga makofi. Fundi alichukua taulo, akamfuta jasho usoni na shingoni, kisha akamwegemea. Watu walishuka, wakaondoka, taa za upande wa pili zikaanza kuzimwa, na wao bado wamekaa.