Fungu la Bi Bakhita

Nyumba ilianza kunuka maziwa. Si maziwa ya ng'ombe yaliyosahauliwa nje ya friji, la. Maziwa ya mama, yamechacha, kama kanga ya mzazi mwenye kichanga aliyelala nayo usiku kucha. Na nyumba ile ya mtaa wa Hamriya, Maskati, haikuwa na mzazi. Alikuwamo Osama, aliyefiwa na mkewe siku ya kujifungua; bintiye Fajr wa miaka mitano; na Zakiya, dada yake Osama, aliyeolewa mara mbili na kuachwa mara mbili kwa kukosa mtoto.

"Da Zakiya, umeanza kunyonyesha siku hizi?" Osama alitania.

Ndivyo alivyokuwa huyo, mdomo mbele, akili inafuata kwa miguu. Shule aliiacha mapema, ati walimu wanamchelewesha, akafungua kiduka cha simu, na tangu hapo hapakuwa na jambo Maskati nzima ambalo yeye halijui.

Zakiya hakucheka. "Hiyo harufu ya Bi Bakhita," alinong'ona. "Tangu mama kufariki hakuna aliyemfukizia udi."

Bi Bakhita kila mtu wa ukoo alimjua, ingawa kumtaja walikuwa hawamtaji. Alikuwa mtumwa wa babu wa babu yao, huko Pemba. Mzee yule alipokufa, wanawe waligawana mashamba, wakagawana na watu. Bakhita akaangukia fungu la mwana wa kiume, akabaki kuchuma karafuu. Kitoto chake, ziwa bado kinywani, kikaangukia fungu la binti, kikaletwa Maskati. Mama yule alikufa kifua kimemjaa maziwa. Kilichobaki chake kikavuka bahari kumfuata mwanawe, na tangu hapo katika kila kizazi lazima awepo wa kumrithi, amfukizie udi kila Alhamisi na kumwambia, "Tulikukosea, mama. Tuwie radhi." Wa mwisho alikuwa marehemu mama yao, Bi Balqees.

Siku ya kugawana mirathi walikaa sebuleni, ndugu wawili tu. Osama mafungu mawili, Zakiya fungu moja, kama sheria. Hapo hapakuwa na maneno.

"Na Bi Bakhita je?" Zakiya aliuliza. "Mie nnaogopa kumchukua peke yangu. Tumwombe radhi pamoja."

Osama alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Yakhe! Si mali ya babu yule? Basi tumgawe! Mie nachukua nyumba, wewe chukua mtumwa. Angalau upate wa kukuita bibi, maana mtoto Mungu kakunyima."

Harufu ilikatika papo hapo, kama mtu kafunga mlango.

"Umeona?" Osama alijipiga kifua. "Kanikimbia mwenyewe!"

Kesho yake mchana, saa za usingizi, jua kali, mtaa kimya hata paka hapiti, Osama alirudi kutoka dukani na mfuko wa malai, zile barafu za maziwa anazozipenda mwanawe.

"Fajr!"

"Abee, baba!" Sauti ilitoka jikoni. Aliingia jikoni, hakuna mtu.

"Baba, niko huku!" Sasa chumbani. Akaenda chumbani, akakuta mto umebonyea alama ya kichwa kidogo, bado una joto, na kabla hajasimama wima akasikia vile vijiguu vinakimbia sebuleni, akavifuata, vikahamia ukumbini, akavifuata, na kila mlango aliofungua mwanawe alikuwa nyuma ya mlango mwingine, anaita baba, baba, kwanza akicheka kama wanacheza kibemasa cha kujificha na kutafutana, kisha hacheki, kisha analia kwa kwikwi, mpaka Osama akaanguka chumbani kwa Zakiya jasho linamchuruzika na kiyoyozi kinavuma.

Zakiya alikuwa kitandani, anachana nywele. Mapajani mwake hamkuwa na mtu. Kitana kilipita hewani, vidole vikasuka hewa, na mafuta ya nazi yalimng'aa viganjani.

"Fajr yuko wapi?"

"Yuko wapi vipi? Huyu hapa nimempakata. Una nini wewe?"

"Shangazi," sauti ya mtoto ilitoka pale patupu, "baba yuko wapi? Namsikia, simwoni."

Ndipo akaitwa Bi Jawaher kutoka Qurayyat, mganga ambaye majini ya mji mzima yanamjua kwa kikohozi chake. Alifukiza udi, akafunika kichwa, akakaa. Alipofunua kinywa, sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke kijana, kavu.

"Nilisimama pwani wananishika mikono. Mwanangu alinililia mpaka kilio kikageuka upepo. Wewe wako utamsikia akilia, utamsikia akicheka, utamsikia akiolewa."

"Nimekosa, mama!" Osama alipiga magoti, kidomo chote kimekwisha. "Niwie radhi! Nirudishie mwanangu!"

"Mimi? Tangu lini mtumwa akawa na kauli ya mtoto? Ulitaka mgawane, nimewagawia. Muombe mwenye fungu lake."

Bi Jawaher akakohoa, akarudi yeye mwenyewe, uso umempauka. "Kaondoka, na mie siwezi kumrudisha. Mtoto yumo fungu la Zakiya. Zakiya akitamka kwa kinywa chake kuwa kamwachia, basi, yamekwisha."

Osama alimgeukia dadake kwa magoti yake. "Da Zakiya, sema. Neno moja tu. Chukua nyumba, chukua duka, nipige viatu, lakini sema."

Zakiya alitazama mapaja yake. Mkono wake ulikuwa unapigapiga kitu kidogo mgongoni, polepole, namna watoto wanavyobembelezwa.

"Shangazi, nani yule analia?" Sauti ilikuwa nzito kwa usingizi.

"Zakiya!"

Zakiya aliinua kidole, akakiweka mdomoni.

"Sauti chini, Osama," alisema. "Mwanangu anasinzia."