Diski ya Pili

Droo ya meza ya Urbano ilikuwa na joto. Wala halikuwa joto la jua, maana ofisi ile haikuwa na dirisha, na kiyoyozi kilikuwa kinanguruma tangu asubuhi. Aliigusa kwa kiganja, akautoa mkono upesi. Ndani ya droo mlikuwa na kitu kimoja tu, diski ya kompyuta iliyofungwa kwenye gazeti, na diski hiyo ilikuwa na siku tisa haijaunganishwa na umeme.

"Chuma kinashika joto," alijiambia. Mwenye hatia hakosi maelezo.

Tusifichane, nitaanza na jambo alilolifanya, kisha ndiyo tuje kwenye jini. Mwaka huo wa tisini na saba, pale Singida Mjini kila mwenye vijisenti alikuwa anafungua kitu. Serikali ilisharuhusu hospitali za watu binafsi, na Narendra, ambaye baba yake aliuza khanga na mafuta ya taa maisha yake yote, akafungua ya kwake, akaiita Malti kwa jina la mama yake. Fahari yake ilikuwa kompyuta kubwa ya mfumo wa Unix aliyoiagiza kutoka Dar es Salaam. Habari za kila mgonjwa ziliingizwa humo. Majalada ya karatasi yalichomwa nyuma ya jiko, na siku hiyo wafanyakazi wote walinunuliwa soda.

Kompyuta ilikuwa na diski mbili. Lolote lililoandikwa kwenye ya kwanza liliandikwa na kwenye ya pili papo hapo, ili moja ikifa nyingine iendelee. Wafanyakazi waliziita mapacha. Lakini mwanzoni kabisa mwa kila diski kuna sehemu ndogo ambayo kompyuta huisoma inapowashwa, ili ijue ianzie wapi. Sehemu hiyo hainakiliwi yenyewe. Lazima fundi aiandike kwa mkono wake kwenye kila diski, kisha kila Ijumaa aikague kwenye zote mbili na kutia saini kwenye fomu.

Fundi alikuwa Urbano. Diski ya pili ilipobadilishwa, alisema ataiandikia sehemu hiyo kesho, maana kuijaribu kulitaka kompyuta izimwe dakika arobaini, na Narendra akiona mashine imezimwa alikuwa anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Kesho haikufika. Ijumaa ikafika, fomu ikafika. Urbano akatia tiki kwa diski aliyoikagua, akatia tiki na kwa ile ambayo hakuigusa. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo. Ijumaa thelathini na tisa, jamani.

Mama Damari, msafishaji, alikuwa akipiga deki humo ndani kila Ijumaa na alimwona. Alikuwa Mnyiramba wa Kinyangiri, na mwenyewe alizaa mapacha.

"Kila wiki unamshughulikia huyu mmoja tu," alimtania siku moja. "Yule mwingine je? Kwetu mapacha hawabaguliwi, mwanangu. Ukimpa huyu uji, mpe na mwenzake, hata kama amelala. Ukimruka, utakuja kujuta."

"Hiki ni chuma, mama."

"Haya. Chuma."

Basi, ikafika siku yenyewe. Saa saba mchana, umeme wa mgao ulirudi kwa kishindo, diski ya kwanza ikaungua. Kompyuta ikajizima, ikajaribu kuamka kwa diski ya pili, ikashindwa. Habari zote zilikuwa humo, nzima, lakini mashine haikujua ianzie wapi. Wakati huo huo Asnath, mke wa Yeremia, aliletwa ana homa kali, hajitambui, na shangazi aliyemleta hakujua lolote kuhusu afya yake. Muuguzi Shukuru alikuja mbio mlangoni kwa Urbano.

"Kaka, nifungulie habari za Asnath Yeremia. Daktari anataka kumchoma penisilini."

"Mashine imezima. Subiri kidogo."

Alisubiri. Aliita tena. Daktari akasema mgonjwa anakwisha, choma. Asnath alichomwa, akavimba uso, akakata roho kabla shangazi yake hajarudi na maji ya kunywa. Mwili wake haukupatana na dawa ile.

Urbano alipopata habari alikuwa ameshika diski ya pili mkononi. Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini fomu thelathini na tisa zilikuwa ukutani kwa Narendra, zote na saini yake. Akaifunga diski kwenye gazeti, akaitia kwenye droo, akaenda kusema, "Bosi, diski zote mbili zimeungua." Kisha akaweka diski mpya na kurudisha habari kutoka kwenye kanda ya akiba ya mwezi uliotangulia.

Hapo ndipo alipommaliza Shukuru. Yeremia aliapa kwamba wiki tatu kabla ya kifo mkewe alimwambia muuguzi kwamba sindano ile inamdhuru, naye alikuwepo akisikia. Shukuru alisema ndiyo, aliambiwa, na aliandika kwenye kompyuta, ila kwa wagonjwa arobaini kwa siku hakuweza kumkumbuka kila mmoja. Wakatafuta kwenye kompyuta, hakuna kitu. Kanda ilikuwa ya zamani kuliko siku ile. Akasimamishwa kazi. Jumatatu ya wiki ya pili angesimama mbele ya kamati, na kamati ikisema hakuandika, jalada linakwenda polisi.

Alimfuata Urbano akiwa na mtoto mgongoni.

"Kaka Urbano, zile zilizoungua, hakuna fundi hata Dar anayeweza kuzisoma? Niliandika. Wallahi niliandika."

"Zimekwisha, dada yangu. Pole sana."

Shukuru alimshukuru kwa kumsikiliza. Urbano alikwenda kunawa uso, akarudi kazini.

Siku iliyofuata ndiyo droo ikawa na joto. Keshokutwa yake, saa saba mchana, ikaanza kulia. Ilikuwa sauti ndogo, tk, tk, tk, ile ile ya diski inayosoma. Urbano aliivuta droo, akalifungua lile gazeti, akaitazama diski iliyolala pale bila waya hata mmoja, na ndani yake kitu kilikuwa kinazunguka. Akaifunika. Ikanyamaza. Kisha ikaja harufu, harufu ya ukungu wa mkate uliosahaulika kabatini, na Urbano akaijua, maana ndiyo harufu ya kichupa cha penisilini kikifunguliwa.

"Nani kafungua dawa huku?" Mama Damari aliuliza kwa sauti ya chini, amesimama mlangoni na ndoo.

"Hakuna mtu, mama."

"Unasikia hiyo?"

"Sisikii kitu."

Mama Damari aliinua ndoo yake, akaondoka. Hakupiga deki siku hiyo.

Kuanzia hapo sauti haikukaa tena kwenye droo. Kila saa saba, jua likiwa utosini na upepo wa Singida ukirusha vumbi juu ya mabati, ilisikika kwenye kuta za wodi, kwenye mabomba, chini ya vitanda, na wagonjwa wakawa wanainua miguu yao kutoka sakafuni bila kuambiwa. Narendra alianza kwa kuwasha ubani wa kwao na kusali mbele ya picha za miungu yake. Haikusaidia. Alhamisi, Belinda wa mapokezi alikuwa anaandika jina la mtoto mwenye kikohozi, mara vidole vyake vikakataa, na kwenye kioo cha kompyuta mbele yake herufi zikaanza kujitokeza moja moja, polepole, kama vile aliyekuwa anaandika alikuwa anatafuta kila herufi kwa kidole kimoja, mpaka maneno yakatimia, ASNATH YEREMIA ASICHOMWE PENISILINI, yakakaa pale, yakafutika, na Belinda akapiga ukelele uliowatoa wagonjwa wote nje, wengine na chupa zao za maji ya mishipa mkononi.

Jamani, Urbano aliujua ule mwandiko. Ndivyo Shukuru alivyokuwa akiandika, kidole kimoja. Lakini nani atapokea ushahidi wa jini?

Ijumaa Narendra akamleta Mzee Idrissa, mstaafu wa reli kutoka Manyoni, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayesoma dua kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Hakutaka mbuzi wala kuku. Alitaka tu wafanyakazi wote wawepo.

"Shikamoo, mzee," Urbano alimwamkia.

"Marahaba. Mbona mkono wako una jasho?"

"Joto, mzee."

"Humu ndani kuna baridi," alisema Mzee Idrissa, akaendelea kupanga vitu vyake.

Saa saba ubani ulifukizwa. Mama Damari ndiye aliyeshika chetezo. Mzee alisoma kwa muda mrefu, na ile harufu ya ukungu ikapanda juu ya harufu ya ubani, ikaifunika, na tk, tk, tk ikaja kutoka kila upande hadi ikakusanyika mahali pamoja, kifuani mwa Mama Damari, ambaye aliweka chetezo chini taratibu, akakaa sakafuni, akakunja miguu, na alipofungua mdomo sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume.

"Wewe nani?" aliuliza Mzee Idrissa.

"Mpangaji."

"Nani amekupangisha?"

"Mwenye kalamu. Kila Ijumaa aliandika kwamba mlangoni kuna mlinzi. Nilipita, nikakuta hakuna mtu. Nikaingia."

Belinda alianza kulia. Narendra alikuwa ameshika ukuta.

"Ni wewe uliyemuua yule mwanamke?"

Mama Damari alicheka, kicheko kidogo cha kuonea huruma. "Mimi? Mimi nilikuwa nimekaa tu. Maneno ya yule muuguzi ninayo, sijapoteza hata moja. Muulizeni aliyeyaficha."

Mzee Idrissa alivua miwani. "Mimi natoa majini," alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Uongo sitoi. Uongo unatolewa na mwenyewe. Anayeelewa maneno haya aseme sasa hivi, tumalize."

Wafanyakazi walitazamana. Ulimi wa Urbano ulikuwa bado wake, meno yalikuwa yake, na neno lilikuwa pale pale. Aliona fomu thelathini na tisa. Aliona mahabusu, mama yake akija na kikapu cha chakula. Aliona pia Shukuru na mtoto mgongoni, lakini huyo alimwona mwishoni.

"Urbano," Narendra alinong'ona, "wewe mambo ya mashine unaelewa. Anasema nini huyu?"

"Sielewi, bosi."

Mama Damari aligeuza kichwa, akamtazama Urbano na kutabasamu.

"Nimesikia," ile sauti ilisema. "Naondoka."

"Unataka nini ili uondoke?" aliuliza Mzee Idrissa.

"Sitaki kitu. Nimepata nyumba kubwa zaidi, nayo haina mlinzi."

Mama Damari alianguka ubavu, akalala usingizi. Harufu ikakatika. Wakapiga makofi, wakashukuru Mungu kila mmoja kwa dini yake, na Narendra akamkumbatia mzee wa watu mpaka miwani ikadondoka. Mzee Idrissa peke yake hakufurahi. Alikusanya vitu vyake upesi, akamwambia Narendra, "Jini lisilodai kitu silipendi," akapanda basi la Manyoni bila kunywa chai.

Droo ilikuwa baridi. Urbano alirudi nyumbani akalala usingizi ambao hakuupata kwa wiki mbili. Lakini moyo nao si jiwe. Jumapili Shukuru alimfuata tena, safari hii nyumbani, amekonda, akamwomba kesho aje kwenye kamati aseme lolote, hata tabia yake tu, kwani wenzake wote walikuwa wanamkwepa. Akaondoka. Urbano alikaa kitandani akalia kama mtoto, na humo katika kilio akaamua. Fomu na zitoke, kazi na iende, polisi na waje. Kesho angeiweka diski mezani mbele ya kamati na kusema, isomeni, huyu dada hana kosa. Ninawaambia aliamua kweli, siyo mchezo. Usiku ule ule alikwenda ofisini, akaitoa diski kwenye droo, akaitia kwenye mkoba.

Jumatatu asubuhi kamati ilikaa. Watu watano, meza ndefu, Yeremia kwenye kiti cha nyuma na kofia mapajani. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamwita fundi.

"Urbano, kijana wangu, kuna njia yoyote ya kujua kama dada huyu aliandika au hakuandika?"

Urbano alisimama. Ndiyo, mama, ipo, ninayo hapa. Maneno yalikuwa tayari yamejipanga. Akafungua mdomo, akapeleka mkono kwenye zipu ya mkoba, na mkono ukapita zipu, ukaenda kunyoosha tai, na akasikia sauti yake mwenyewe, nzuri, tulivu, sauti ya mtu anayeheshimika, ikisema:

"Hakuna, mama. Diski zote mbili ziliungua, niliziona kwa macho yangu. Ila naomba mnisikilize kidogo. Shukuru ni dada mwema sana. Kusahau ni kwa binadamu yeyote. Mkimhukumu, mhukumuni kwa huruma."

Wanakamati walitikisa vichwa, wakaandika. Urbano alijaribu kupiga kelele, akajaribu tena, akajaribu kujirusha sakafuni, na miguu yake ikarudi kitini kwa adabu na kukaa. Yeremia alikuwa analia kimya kimya.

Uamuzi haukuchukua hata nusu saa. Shukuru alitoka katikati ya askari wawili, na alipofika kwenye kiti cha Urbano akasimama.

"Asante kaka," alisema. "Umekuja kunisemea wewe peke yako. Sitakusahau."

Urbano alimlilia Mungu ndani kwa ndani amwachie ulimi wake kwa neno moja tu. Uso wake ukatabasamu, mkono wake ukamshika Shukuru begani, na mdomo ukamjibu:

"Mungu yupo, dada yangu. Nenda kwa amani."