Masaa Yaliyofutwa

Asubuhi ile kompyuta ya mkata tiketi ilisema kutoka mji huu hadi mji anakoishi dada yake ni kilomita elfu saba na mia mbili. Saa nne ikasema elfu saba na mia tisa. "Labda dunia imenenepa," bosi akacheka. Mkata tiketi hakucheka. Dada yake alikuwa angani wakati huo, anamkimbilia mama yao aliyelazwa hapa mjini, na daktari alishasema mama hafiki usiku.

Tiketi aliikata yeye mwenyewe. Kwa mazoea mabaya ya ofisi ile, juu ya bahasha aliandika masaa tisa, kama bosi alivyowafundisha: hesabu muda wa kuruka tu, yale sita ya kungoja ndege ya pili yafute. "Mteja akiujua ukweli atakwenda kwa jirani." Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya bosi, na kwa ajili yake, kwa miaka mitatu, watu walilala na watoto wao sakafuni mwa viwanja vya ndege. Mama naye kitandani aliambiwa masaa tisa. "Hayo nitayaweza," alijibu.

Ndipo harufu ikatoka stoo ya mafaili: jasho, soksi, kahawa iliyolala. Kisha magurudumu ya sanduku yakaanza kuburutwa nyuma ya mlango, huku na huko, polepole, kama ya mtu asiye na pa kwenda, na kila yalipogeuka kilomita zikapanda mia nyingine, hata mkata tiketi akasikia hasira inaishinda hofu, akainuka, akausukuma mlango ule kwa bega.

Ndani palikuwa na benchi la chuma. Aliyelikalia alikuwa mrefu hata kichwa kimelala darini, na mapaja yake yameotea ndani ya chuma.

"Njia ya mwongo ni fupi, mnasema," jini likanong'ona. "Masaa mnayofuta mnadhani yanakwenda wapi? Nayakaa mimi. Nimechoka. Leo namrudishia abiria mmoja yote."

"Mrudishie bosi! Yeye ndiye mwizi!"

"Mwandiko kwenye bahasha ni wa nani?"

Ulikuwa wake. Alimlaani bosi, akajilaani mwenyewe, akalipiga benchi teke.

"Ondoka basi!" alisema, akilia kwa hasira. "Nitakaa mimi. Ndege ya dada ifike."

Jini likajibandua, likachukua sanduku lake, likatoka bila kuaga. Mkata tiketi alipokaa, baridi ya chuma ilimshika mapaja isimwachie.

Alasiri simu ililia mfukoni mwake. "Nimewahi!" dada alihema. "Mama yu macho, kanishika mkono. Anakuuliza wewe. Uko wapi, mdogo wangu? Njoo upesi, anakwisha."

"Dada, siwezi kuinuka."

Kwenye kaunta bosi alikuwa na mteja, sauti yake tamu kama kawaida. "Masaa tisa tu, mzee. Kungoja? Hakuna kungoja kabisa."

Mkata tiketi alipiga ukelele. Masaa sita yakaingia stoo, yakamkalia magotini.